Samaki Mmoja wa Magadi

Harufu ya utoto wangu ni ya mrenda, ile mboga ya majani inayoteleza. Si mrenda mtupu, bali mrenda uliotiwa magadi, wakati povu la kijani linapopanda mpaka ukingoni mwa chungu na mama anakimbia kupunguza moto kabla halijamwagika. Tulikuwa tunakaa Kitengela, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na paa la mabati, mwisho kabisa wa mji wa wakati ule. Mama aliyaweka magadi yake ndani ya kopo la kakao juu ya rafu ya juu, mbali na mikono yangu, na mimi nilikuwa napanda kiti na kuyafikia. Yalikuwa mabonge ya kijivu yenye mistari myeupe, magumu kama mawe. Nilikuwa nayalamba. Yanauma ulimi kwanza, kisha yanakuachia ladha ya sabuni mdomoni, na kesho yake nilirudi kuyalamba tena, kwa hiyo mtu asinihurumie. Mpaka leo nikipita karibu na jiko la mtu nikanusa harufu ile, sihitaji kuuliza ni kina nani wanaokaa pale. Ni watu wa kwetu, magharibi mwa Kenya, na kuna ugali unasongwa hapo hapo.

Nyuma ya nyumba yetu hapakuwa na kitu, na hicho ndicho nilichokipenda. Ilikuwa tambarare ya nyasi iliyokwenda mpaka macho yachoke, na majira ya mvua nyumbu walikuja kutoka upande wa mbuga ya Nairobi kwa mamia, wakiguna usiku na mchana kama wazee wanaonung'unikia chakula. Punda milia walikuja nao. Mmoja wao alipenda kujikuna mgongo kwenye mlango wa choo chetu cha nje, na kuna asubuhi mama alisimama na kanga yake na ndoo yake akingoja mnyama amalize shughuli zake ndipo naye aende kwenye zake. Baba alisema hayo si maisha ya binadamu. Mimi niliona hakuna mtoto Kenya nzima aliyebahatika kunishinda. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilijua kila kitu.

Mwenye ploti alikuwa Mmaasai mmoja tuliyemwita Baba Nashipai, mtu wa maneno machache na pikapu moja ya zamani, aliyekaa ng'ambo ya ua na mke wake na watoto. Nashipai alikuwa darasa moja nami na dawati moja nami, na kwa sababu hiyo nusu ya maisha yangu ilikuwa kwao. Nilijifunza kunywa chai yao iliyojaa maziwa, nikajifunza maneno mawili matatu ya Kimaa, na zaidi ya yote nikajifunza kusalimu. Kwao mtoto hampi mkubwa mkono. Anamwendea, anainamisha kichwa, anangoja. Mkubwa anaweka kiganja utosini mwake, na hapo salamu imekamilika. Niliipenda sana salamu ile. Kiganja cha mtu mzima kinapokaa juu ya kichwa chako unajua kwamba umeonekana. Nikawa nainamisha kichwa kwa kila mtu mzima wa mtaa ule bila kufikiri, hata kwa fundi wa baiskeli, ambaye alikuwa Mkamba na hakujua afanye nini na kichwa changu.

Taabu ilianza likizo ya Aprili tulipokwenda nyumbani Budalang'i, kwa mama yake baba, ambaye sisi tunamwita Kukhu. Baba alizaliwa pale, ukingoni mwa ziwa kubwa, mtoto wa mvuvi, na ingawa alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha saruji huko Athi River na hakuwa ameshika wavu kwa miaka mingi, alizungumza habari za lile ziwa kama mtu aliyelitoka jana. Tulipofika, Kukhu alikuwa amesimama mlangoni na shangazi zangu wote, mikono yote miwili ameinyoosha. Mtoto wa kike wa kwetu hupiga goti kidogo na kuipokea mikono ile. Mimi nilimwendea mbio, nikasimama, nikainamisha kichwa, nikangoja. Kukhu naye akangoja. Mwishowe alimuuliza baba kama mtoto ameangusha kitu chini au anaumwa kichwa. Shangazi walicheka mpaka mmoja akakaa chini, na mimi nilibaki nimeinama, nikiangalia vidole vya miguu ya Kukhu, aibu ikiniunguza masikio.

Hayo yangesahaulika. Lakini mchana ule tuliwekewa ngege, yule samaki mpana wa ziwa letu, mzima na kichwa chake, na mimi niliyezoea nyama na maharagwe ya Kitengela nikamla kama ninavyokula kila kitu, kwa pupa. Mwiba ulinikwama. Nilipigwa mgongo, nikalishwa matonge makavu ya ugali, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, na watoto wadogo wa miaka minne wakiwa wamekaa pembeni wanachambua miba yao kwa utulivu, wakinitazama. Nilimwona baba akiweka chini tonge lake. Tuliporudi Kitengela ndipo aliposema, na alisema kwa upole, jambo lililonitisha zaidi kuliko kama angefoka. Muhula wa tatu ukifunguliwa mwezi wa Septemba, mimi ningekwenda kukaa kwa Kukhu na kusoma huko huko. Mtoto wake asiyejua kusalimu wala kula samaki, alisema, ni mtoto anayepotea huku baba yake akimwangalia. Huku hakuna ziwa, hakuna ardhi yenye rutuba, hakuna mtu wa kumfundisha. Mama alijaribu kunitetea, lakini alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na hakuwa na nguvu za kubishana kila siku.

Sikuwa mtoto wa kulia pembeni. Nililia mara moja, usiku mmoja, kisha nikaanza kutafuta njia. Nilimpenda Kukhu, lakini nilijua kwa uhakika kwamba nikiondoka nyumba ile, mama na mdogo wangu na Nashipai na nyumbu wangeendelea na maisha yao bila mimi, na wazo hilo lilinichoma. Nikayachukua maneno ya baba nikayachambua moja moja. Salamu ya kwetu ningeweza kujifunza kwa siku moja. Ardhi sikuweza kuibadilisha. Lilibaki ziwa. Nikamuuliza Nashipai kama kwao kuna ziwa lolote, naye akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama kwao kuna jua. Akasema liko, kubwa, huko Magadi, mbele ya Oltepesi anakokaa nyanya yake, ndiko yanakotoka yale mabonge ya mama yangu. Nikamuuliza kama lina samaki. Akasema wako, wengi sana, na akaendelea kuruka kamba.

Sikumuuliza samaki hao wanakuwaje, naye hakuona sababu ya kuniambia. Hapo ndipo lilipokuwa kosa letu, na nimelifikiria mara nyingi tangu wakati ule. Kwa watu wa kina Nashipai wa siku hizo samaki hakuwa chakula. Alikuwa kitu cha majini, ndugu wa nyoka, na ukubwa wake haukumhusu mtu. Kwangu mimi samaki alikuwa ngege wa Kukhu, anayezidi sahani pande zote mbili, na sikujua kama kuna wa aina nyingine. Kila mmoja wetu alikuwa amesema kweli, na kila mmoja alimwelewa mwenzake vibaya kabisa.

Jioni hiyo nilimwendea baba akivua viatu, nikamtangazia kwamba hata huku kwetu Kajiado kuna ziwa na lina samaki wengi. Nadhani alitaka kucheka, lakini alikuwa mtu wa haki, na mtoto aliyeleta hoja alistahili kujibiwa. Alisema, "Sawa, Nekesa. Nionyeshe samaki mmoja wa hilo ziwa lako. Mmoja tu. Nikimwona, habari ya kwenda kwa Kukhu sitaitaja tena." Mama alikuwa mlangoni na alisikia. Nilihakikisha kwamba amesikia.

Nafasi ilipatikana mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Baba Nashipai alikuwa anampelekea mama yake unga na chumvi ya ng'ombe huko Oltepesi, kisha ampeleke mpaka Magadi kwenye chemchemi za maji moto, kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua na wazee wa huko huyatibu kwa maji yale. Akasema tukitaka twende naye. Jumamosi ya safari baba aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Nilipotoka nje nilimkuta anapakia sufuria kubwa, mwiko, pakiti mbili za unga, nyanya, vitunguu, ndimu nne na chupa ndogo ya mafuta. Hakuweka mkate wala viazi. Mama alimuuliza tutakula nini njiani, naye akajibu kwamba mtu hawezi kwenda ziwani amebeba kitoweo, watu watamshangaa. Kwao wavuvi hufika ufukweni na unga tu, na ziwa huleta yaliyobaki. Nilipomwona anafunga ndimu zile kwenye karatasi, moyo wangu ulijaa. Alikuwa ameniamini.

Tulikwenda kwa njia ya Isinya mpaka Kiserian, baba na Baba Nashipai mbele, sisi wasichana nyuma juu ya magunia. Kutoka Kiserian barabara inapanda kidogo mgongoni mwa vilima vya Ngong, halafu ghafla ardhi inaisha na bonde zima linakuwa chini yako, rangi ya kahawia na bluu, mpaka mbali ambako huwezi kujua ni mlima au ni wingu. Tuliteremka na joto likaja kutupokea kama mtu amefunua sufuria. Swala walikuwa kando ya barabara, na digidigi wawili wawili chini ya vichaka, na baada ya kona moja twiga sita wakiwa katikati ya migunga, vichwa vyao vikizidi miti, wakitafuna na kututazama kwa dharau. Nilipiga dirisha la nyuma ili baba awaone. Aliwaona. Aligeuka akanionyesha kidole kimoja, na nilielewa: samaki mmoja.

Nyanya yake Nashipai, tuliyemwita Koko, alikuwa anatungoja kando ya barabara pale Oltepesi, mrefu na mwembamba, shanga zake kamili. Niliruka chini. Kabla sijafikiri nilikuwa mbele yake nimeinamisha kichwa, na kiganja chake kikavu kikakaa utosini mwangu, kikakaa kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, huku akiuliza kwa Kimaa huyu ni wa nani. Baba alikuwa ameshuka ampishe Koko kiti cha mbele. Aliona yote. Sikujua kama nimejiharibia au la. Koko aliiona sufuria mkononi mwa baba, akauliza ni ya nini, Baba Nashipai akamweleza kwamba mgeni anakwenda kupika samaki wa Magadi. Koko alicheka. Hakucheka kidogo, alishika mlango wa gari, akafuta macho kwa pembe ya shuka, akasema maneno fulani, akacheka tena. Nilimbana Nashipai anitafsirie, naye akakataa. Baba alipanda nyuma pamoja nasi, akakalia tairi la akiba na suruali yake nzuri, sufuria mapajani.

Ziwa tuliliona kutoka juu ya kilima cha mwisho. Niseme kweli: ni zuri, na leo ningemshika mtu mkono nimsimamishe pale aangalie. Lakini siku ile nilitafuta maji na sikuyaona. Niliona uwanja mweupe, mweupe kama unga uliomwagika, wenye mabaka ya waridi na michirizi ya kijani ya sabuni, ukienda mpaka chini ya milima ya upande wa pili, na hewa juu yake ikitetemeka. Harufu ilitufikia pale pale, ya chumvi na mayai yaliyoharibika. Baba alisimama ndani ya pikapu, akashika paa kwa mkono mmoja. Mbali sana, katikati kabisa ya ule weupe, kitu kidogo kilikuwa kinatembea na vumbi nyuma yake. Alikitazama mpaka akakijua.

"Nekesa," akasema, "ni ziwa gani lori linapita juu yake?"

Niligeuka nikamwangalia Nashipai, naye alikuwa ametulia kabisa, anaangalia ndege. Huku na huku, pale ambapo maji yalikuwa yamebaki, flamingo walikuwa wamesimama kwa mistari ya waridi, wakiinama na kutembea, wakiinama na kutembea, maelfu yao, na sauti yao ilitufikia kama watu wengi wanaoongea chumba cha pili. Wakati mwingine wowote ningepiga kelele za furaha. Siku ile niliwaona kama wageni waliokuja kutazama aibu yangu. Nilianza kufikiri ni nguo zipi nitafunga, na kama Kukhu angenipa kitanda changu mwenyewe.

Tulivuka kwa barabara iliyojengwa juu ya magadi yenyewe, tukazunguka upande wa kusini mpaka kwenye chemchemi. Hapo maji yapo, yanatoka chini ya mawe meusi, maangavu na moto, yanatambaa na kufanya vidimbwi vya kina cha goti kabla ya kwenda kuwa magadi. Baba Nashipai alimshika mama yake mkono, akamketisha juu ya jiwe, naye akateremsha miguu yake ndani polepole, akafumba macho kwa raha. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye kidimbwi kilichokuwa mbele kidogo, maji yake yakiwa yamepoa kiasi, nikapiga magoti kwenye mawe yaliyonichoma, nikaangalia. Hakukuwa na kitu. Nashipai akaja akasimama nyuma yangu.

"Si ndio hao," akasema.

Nilifuata kidole chake. Vilikuwa vitu vya urefu wa kidole changu cha shahada, vingi, rangi ya mawe, vikicheza juu ya mchanga. Nilidhani ni majani yaliyooza. Kisha kimoja kikageuka na nikaona jicho.

"Hao ndio samaki?"

"Kwani samaki wanakuwanga aje?" akaniuliza, na alikuwa anauliza kwa dhati.

Hapo ndipo nilipotaka kulia. Nilikuwa nimemleta baba yangu, mtoto wa mvuvi wa Budalang'i, na ndimu zake nne, kumwonyesha viluwiluwi. Nikasikia hatua zake nyuma yangu, nikasikia sufuria ikiwekwa juu ya jiwe. Nilingoja achekwe na Koko, au acheke mwenyewe, au aseme tu kwamba sasa tumemaliza. Badala yake alivua viatu. Akakunja suruali, akachuchumaa kando yangu, akatia mkono ndani ya maji na kuutoa haraka kwa sababu ya joto, kisha akaurudisha. Uso wake ulikuwa umebadilika. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akiangalia kitu namna ile, kwa macho ya mtu anayesoma barua.

Alinionyesha mashimo madogo ya mviringo kwenye mchanga, kila moja likiwa safi kama sahani. Akasema hivyo ni viota, dume huvichimba kwa mdomo, na kwamba kwao alipokuwa mdogo baba yake alimkataza kukanyaga mahali penye viota vya namna hiyo, ila vya kwao ni vikubwa kama karai. Akainama zaidi. Kando ya jiwe kulikuwa na samaki mmoja peke yake, na mbele yake wingu dogo la vitu vidogo mno, kama mbegu za mchicha zenye uhai. Kivuli cha baba kiliwapitia. Papo hapo lile wingu lote likamkimbilia yule samaki, naye akafungua mdomo, na watoto wake wakaingia ndani wote, akafunga, akarudi nyuma chini ya jiwe, mashavu yamemjaa.

"Ni ngege huyu," baba akasema, sauti yake ikiwa chini. "Ni ngege kabisa. Wa kwetu hufanya hivi hivi." Jasho lilikuwa likimtiririka, maji ya moto yakipita juu ya mkono wake. "Kwa hiyo hata hapa wanalea."

Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga, na nilijua kwamba mlango umefunguka kidogo na hautakaa wazi siku nzima. Nikamwambia, "Baba, ulisema mmoja."

Alinitazama. Kisha akaweka kiganja chake, kikiwa bado kimelowa na kina harufu ya magadi, juu ya utosi wangu, akakiacha pale. Hakuwa ameifanya salamu ile maishani mwake. "Nilisema," akajibu.

Hatukumtoa samaki hata mmoja majini. Njaa ilikuwa imetushika vibaya tuliporudi Oltepesi, na hapo ndipo unga wa baba ulipopata kazi. Alikataa mtu mwingine kugusa sufuria. Kwao wanaume hujipikia ufukweni, kwa hiyo aliinjika maji mwenyewe kwenye mafiga ya Koko na kusonga ugali mkubwa mgumu, na wanawake wa boma zima wakatoka kuja kumtazama mwanamume anayepika, wengine wakiwa na watoto viunoni, wakizungumza wao kwa wao bila kujificha. Koko alileta kibuyu cha maziwa ya mgando. Baba, ambaye siku zote alisema maziwa si kitoweo, alimega tonge, akalichovya, akala, akamega jingine. Koko naye alionja ugali wake, akasema neno, na safari hii Nashipai alinitafsiria: mwanamume huyu anasonga vizuri, asirudishwe kwao. Nilicheka kuliko wote.

Tulipanda kutoka bondeni jua likiwa nyuma yetu. Koko alikuwa amebaki kwake, lakini baba hakurudi mbele. Alikaa na sisi kwenye magunia matupu, ndimu zake nne bado ziko kwenye karatasi. Karibu na Isinya alivitazama viatu vyangu, akasema vimechakaa na haviwezi kumaliza muhula wa tatu kwenye vumbi la shule yetu, na kwamba Jumamosi inayofuata angenipeleka dukani Kitengela ninunuliwe vingine. Nilisema sawa, baba. Nilisema kama mtu aliyeambiwa jambo la kawaida. Kisha nikageuza uso upande wa tambarare ili asione jinsi nilivyokuwa ninatabasamu, na Nashipai akanifinya mguu mpaka nikapata alama.

Sasa mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya Kajiado, na bado ninakaa Kitengela, kilomita mbili kutoka pale palipokuwa na choo cha yule punda milia. Nyuma ya nyumba yangu kuna nyumba, na nyuma ya hiyo kuna ghorofa, na nyuma ya ghorofa kuna ua wa waya. Nyumbu hawapiti tena. Mwanangu anawajua kwenye vitabu na kwenye mbuga. Hili linaniuma na sitalipamba. Kila mwaka huwapeleka wanafunzi wangu Amboseli, ambako ziwa la magadi hukauka likawa vumbi jeupe, na tembo hutembea juu yake miguu ikiwa kama haigusi chini kwa sababu ya mazigazi. Huwaambia waangalie vizuri kabla ya kusema hakuna maji, kwa sababu nusu ya saa mbele kuna bwawa lenye viboko. Huwa hawaniamini mpaka tufike. Nashipai yuko Namanga, anashughulikia karatasi za malori mpakani, na anakula samaki kila Ijumaa, tena kichwa anaanza nacho. Mimi miba bado inanishinda. Lakini Kukhu, mpaka alipofariki, nilimsalimu kwa goti na mikono miwili, na kila mara baada ya hapo yeye mwenyewe aliweka kiganja utosini mwangu na kuwaambia shangazi kwamba salamu ya Kimaasai nayo ilipwe.

Baba alistaafu akarudi Budalang'i, kwenye ziwa lake. Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu Magadi kwa mara ya kwanza. Ana miaka kumi na mmoja, anajua kila kitu, na njia nzima alikuwa analalamika kuhusu joto. Tulivuka ule weupe, tukafika kwenye chemchemi, nikampigisha magoti mahali nilipopiga mimi. Aliangalia, akasema hakuna kitu. Nikamwambia aangalie tena. Alipowaona alinyoosha mkono juu ya maji, kivuli chake kikapita, na pale karibu na jiwe wadogo wote wakakimbilia mdomoni. Alipiga picha kwa simu yangu, picha ya maji na mawe ambayo mtu mwingine asingeona chochote ndani yake, akaituma kwa babu yake bila kuandika neno. Tulikaa na miguu ndani ya maji moto, tukingoja mtandao. Jibu lilikuja baada ya muda, kwa ujumbe wa sauti, na upepo wa ziwa la kwetu ukivuma nyuma yake. Babu yake hakusalimu wala hakuuliza hali. Aliuliza, "Bado wanalea?"

Binti yangu alinigeukia, hakuelewa. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake, nikamwambia amjibu babu kwamba bado.